Mahindi yaliyoanguka na kichuguu kisicho na kosa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme neno juu ya ushauri kuhusu mchwa, unaozunguka vijijini, redioni na kwenye simu kila mwaka mahindi yanapoanza kukauka: "Ukiona mahindi yanaanguka, tafuta kichuguu, kibomoe, mwaga dawa." Mara nyingi ushauri huo humkamata asiye na kosa. Mkulima hupoteza siku mbili za sululu na fedha za dawa, na msimu unaofuata mahindi huanguka vilevile.

Uchunguzi uanzie kwenye bua. Ling'oe lililoanguka, likate kwa kisu juu kidogo ya mizizi, kisha lipasue kwenda chini. Ukikuta mzizi na shina vimetobolewa ndani na kujazwa udongo, na ndani yake kuna wadudu wadogo mno, askari wao wa kutafuta kwa jicho kali, hao ni mchwa wa aina ya Microtermes. Mchwa hawa hawajengi kichuguu. Wanaishi katika vyumba vidogo vilivyotawanyika ardhini, vingi havizidi ukubwa wa ndimu, vikiunganishwa na njia nyembamba kama uzi. Bomoa vichuguu vyote vya kijiji, Microtermes hatapata hata habari.

Ukikuta bua limefunikwa kwa nje na gamba jembamba la udongo, lichokoe kwa ukucha. Chini yake utamkuta Odontotermes akila taratibu, akianza na maganda makavu ya majani. Baadhi yao hujenga vichuguu, wengine hukaa chini kabisa. Miche iliyokatwa asubuhi usawa wa ardhi, na askari wakubwa wenye vichwa vyekundu na taya za kutoa damu kwenye kidole, hiyo ni kazi ya Macrotermes, na huyo ndiye mwenye kile kichuguu kikubwa kinachojulikana na wote. Yuko pia Cubitermes, anayejenga kichuguu kidogo cha kufika gotini, mara nyingi chenye paa kama uyoga. Huyu anakula udongo wenye mboji na hagusi zao lolote. Kumwagia sumu ni sawa na kumpiga mpita njia.

Tukishajua nani ni nani, tuangalie kazi yao. Macrotermes hujenga kwa chembe moja moja. Kibarua hushuka chini ya udongo wa juu, huchagua chembe laini za mfinyanzi, huzibeba mdomoni, huzilowesha kwa mate, akapanda na kuzibandika ukutani. Changarawe haiwezi, huiacha ilipo. Ndiyo maana ukivunja donge la kichuguu hukuti jiwe, na ndiyo maana watafutaji wa madini huchota udongo wa vichuguu kupima dalili za dhahabu: mchwa amewachimbia sampuli. Anayechimba shimo la choo akakuta juu udongo laini wa mita moja au mbili, na chini yake mstari wa changarawe, huenda amekutana na kazi hiyohiyo. Wataalamu wengi wa udongo humtaja mchwa kuwa mmoja wa waliousababisha mstari huo, kwa kupandisha kilicho laini na kuacha kigumu kizame. Kila masika mvua huosha ngozi ya kichuguu na kuisambaza pembeni, mchwa hujenga tena, mvua huosha tena. Kwa maelfu ya miaka, udongo mwingi tunaolima umepita mdomoni mwa mchwa.

Kinachoonekana juu ni sehemu ndogo tu. Huko Kajiado, Kenya, mtafiti Johanna Darlington alifuatilia njia za chini za kiota kimoja cha Macrotermes michaelseni, na matokeo yakachapishwa 1982. Kiota hicho kimoja kilikuwa na njia za urefu wa karibu kilomita 6, pamoja na makumi ya maelfu ya vishimo vya kuhifadhia chakula. Kilomita 6 za mabomba, zimechimbwa bure, chini ya eneo ambalo mkulima angeliita shamba dogo.

Mabomba hayo ndiyo hoja yangu kuu. Udongo mwingi wa Dodoma, Singida, Kitui na Makueni una tabia moja mbaya: ukiachwa wazi, matone ya mvua ya kwanza huvunja uso wake, chembe laini huziba matundu, na jua la siku mbili hutengeneza ukoko. Mvua ya tatu haipenyi. Inateremka, inachukua samadi na mbegu, mkulima anasema mvua ilikuwa haba. Jembe huvunja ukoko huo, lakini mvua moja huurudisha. Nyungunyungu, ambaye angeweza kusaidia, hakiwezi kiangazi cha miezi saba. Anayeweza ni mchwa, mradi apewe sababu ya kupanda juu, na sababu yake ni moja tu: chakula kikavu.

Kupima hili hakuhitaji maabara. Chukua kopo la chuma lenye upana wa sentimita 15, likate kitako libaki wazi pande zote mbili. Lipigilie ardhini sentimita 5, ukiweka kipande cha ubao juu yake usilipinde. Mimina nusu lita ya maji, ambayo kwa kopo la upana huo ni sawa na mvua ya karibu milimita 28, na uangalie saa. Fanya hivyo mahali peupe penye ukoko, kisha mahali palipolala mabua kwa miezi michache na penye matundu ya mchwa ukubwa wa kijiti cha kiberiti. Rudia mara tatu kila mahali, maana kopo likiangukia juu ya tundu kubwa litakudanganya. Tofauti ya dakika itasema yote.

Wakulima wa Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso, wamelifanyia kazi jambo hili hadharani. Kule wana mashimo yanayoitwa zai, na aliyejulikana zaidi kwa kuyaboresha ni Yacouba Sawadogo, aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018 na kufariki 2023. Shimo lina upana wa sentimita 20 hadi 40 na kina cha 10 hadi 20. Huchimbwa wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu, na ndani hutiwa viganja viwili vitatu vya samadi au mboji. Jambo ambalo wengi walioiga zai huku kwetu hulisahau ni kiangazi chenyewe. Samadi hutangulia ili mchwa aje aile kabla ya mvua. Akija hutoboa kitako cha shimo, na mvua ya kwanza hukuta njia ziko wazi. Ukichimba shimo leo na kupanda kesho, umepata bakuli la kukusanya maji, hujapata bomba la kuyashusha. Kwenye udongo mzito, bakuli hilo huozesha mbegu.

Wamatengo wa Mbinga nao, katika ngoro zao, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta mlimani, hulaza nyasi zilizofyekwa kwa mistari inayokatana, kisha huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika kwa udongo huo. Nyasi huoza ndani ya tuta, wadudu hula wakiwa chini, mizizi hufuata njia zao. Mlima unaoporomoka umelimwa hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Najua swali litakalofuata: ukimwekea mchwa mabua, si umemwalika shambani? Swali ni la haki, na jibu si jepesi kama wanavyolisema wapenzi wa kilimo hai. Mchwa wengi hupendelea kilichokufa kuliko kilicho hai. Hula mahindi mabichi hasa pale shamba lilipofagiliwa na kuchomwa, hakuna bua, hakuna nyasi, na zao lenyewe limelegea kwa ukame. Hata hivyo matandazo yakiwekwa vibaya ni ngazi ya kupandia. Yalaze kukatisha mteremko, katikati ya mistari, na uache nafasi ya shubiri moja kutoka kwenye shina. Usirundike. Tandaza mapema ili mchwa wawe wamezoea kula chini kabla mahindi hayajakauka. Kisha vuna kwa wakati. Mashambulizi makubwa huja mwishoni, hindi likishakomaa na kuachwa shambani wiki nne au tano likisubiri nafasi ya mwenyewe. Bua likianguka, gunzi linalala kwenye udongo, na hasara ya mchwa inageuka kuwa hasara ya sumukuvu.

Mwenye ng'ombe atasema mabua ni malisho. Kweli. Basi akate nusu ya juu kwa ajili ya ng'ombe, aache nusu ya chini, ambayo hata ng'ombe huichambua kwa kuirudiarudia. Apande na mbaazi katikati, majani yake yanayodondoka ni karamu nyingine. Na asishangae matandazo yakiisha baada ya miezi michache. Wengi hulalamika, "Mchwa wamekula yote." Ndiyo, ndiyo kazi tuliyowaitia, na malipo yao ni matundu waliyoyaacha.

Wanaodhani haya ni mapenzi ya wadudu tu wasome matokeo ya Australia ya mwaka 2011, ambako Theodore Evans na wenzake walilinganisha mashamba ya ngano katika eneo kavu, mengine yakiwa na sisimizi na mchwa, mengine wakiwa wameondolewa kwa dawa. Yenye wadudu yalitoa ngano asilimia 36 zaidi. Sababu walizotaja ni maji kupenya vizuri zaidi na naitrojeni kuongezeka.

Nirudi kwenye kichuguu, maana bado kina mali. Udongo wake una mfinyanzi mwingi kuliko wa shamba linalokizunguka, na mara nyingi kalisi, magnesi na potasi nyingi zaidi. Shamba la kichanga linafaidika nao. Shamba la mfinyanzi mweusi wa mbuga halihitaji mfinyanzi mwingine, usijichoshe. Kabla ya kuchota, kamulia limau kwenye donge lililosagwa. Likitoa povu, lina chokaa. Kwa shamba lenye uchachu hiyo ni bahati. Kwa shamba ambalo tayari lina magadi au chokaa ni balaa: zinki na chuma hufungwa, na mahindi huota yakiwa na michirizi myeupe.

Hesabu nayo ifanywe. Kichuguu chenye umbo la pia, kimo cha mita 1.5 na upana wa chini mita 3, kina udongo wa mita za ujazo 3 na nusu hivi. Ukitaka kutandaza ekari moja kwa unene wa sentimita moja tu, unahitaji mita za ujazo 40. Kwa hiyo aliyekwambia kichuguu kimoja kitarutubisha ekari nzima kwa kutawanya amekudanganya. Weka kwenye mashimo ya kupandia. Chukua theluthi ya nje tu, pamoja na udongo uliokwisha kuoshwa na mvua ukalala kandokando. Hapo utapata debe kama 60. Ukitia nusu lita kila shimo, zinatosha mashimo 2,400. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, ekari ina mashimo karibu 9,000, kwa hiyo umehudumia robo ya ekari na kidogo. Mwaka kesho hamia robo nyingine, mchwa wakiwa wameshajenga upya.

Usiingie katikati. Chumba cha malkia kiko ndani, karibu na usawa wa ardhi, na kando yake yapo masega ya uyoga wanaoulima kwa chakula chao. Uyoga huo ndio unaochipuka juu ya kichuguu baada ya mvua na kuuzwa barabarani, na mpaka leo haustawi pasipo mchwa. Ukiua kiota, umeua na uyoga na kumbikumbi wa kila mwaka. Pia vaa buti na uanze na jembe la mpini mrefu. Kichuguu cha zamani chenye matundu makubwa ni nyumba ya swila na koboko.

Kosa linaloonekana zaidi ni kutumia udongo huu peke yake, hasa kwenye vitalu. Ukuta wa nje wa kichuguu cha Macrotermes umejengwa kwa udongo wa chini, na kwa kawaida una mboji kidogo na fosifeti isiyotosha. Ukijaza mfuko wa mche kwa udongo huo mtupu na kumwagilia mara tatu, umetengeneza tofali. Hakuna cha kushangaza, mafundi wetu huutumia kukandika kuta na kufyatulia matofali kwa sababu hiyohiyo. Saga, chekecha, kisha changanya debe moja na debe mbili za udongo wa shamba na debe moja ya samadi iliyoiva. Kazi hiyo ifanyike kiangazi. Donge likiwa gumu kupita kiasi, linyunyizie maji jioni, uliponde asubuhi.

Kuhusu sumu sina mengi. Aldrini na dieldrini, zilizokuwa jibu la kila mchwa enzi za wazee wetu, zimo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu haziozi: zinakaa kwenye udongo, kisha kwenye maziwa. Oili chafu ya gari inayomwagwa kwenye vichuguu ni uchafuzi mtupu, na mchwa hufungua mlango mwingine hatua tatu pembeni. Kuchimba malkia kunafaa pale kiota kiko chini ya nguzo ya nyumba au ghala, na hapo simlaumu mtu. Ila ajue kwamba kwa baadhi ya aina, Macrotermes michaelseni ikiwemo, kichuguu kimoja kinaweza kuwa na malkia zaidi ya mmoja. Ukitoa mmoja ukaenda zako, umefanya nusu ya kazi.

Mchwa si mchimbaji pekee, lakini wengine nitawapitia kwa haraka. Nyungunyungu alipata heshima yake tangu 1881, Charles Darwin alipokadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza hupitisha mwilini zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari kila mwaka. Kwetu mtafute migombani Kilimanjaro na Kagera, penye unyevu na majani ya kuoza, usimtafute Kongwa. Fuko hupindua udongo na kufukia magugu, ila hula mihogo na viazi, na ana hatari moja isiyosemwa: akitoboa tuta la fanya juu, lile la kuzuia maji kwenye mteremko, maji ya mvua kubwa hupita kwenye njia yake, huipanua, na tuta zima hukatika. Kaa na panya hufanya hivyohivyo kwenye kingo za majaruba. Baada ya kila mvua kubwa tembea juu ya tuta, tafuta penye kubonyea, chimba hadi uikute njia, kisha ujaze kwa udongo mbichi ukishindilia kila kina cha kiganja. Kuziba mdomo tu hakusaidii.

Nimetaja Kongwa. Hapo ndipo mpango wa karanga wa Waingereza ulipoanza 1947 na kuvunjwa 1951. Matingatinga yaling'oa vichaka na mizizi, udongo ukabaki mtupu juani, ukawa mgumu kiasi kwamba kung'oa karanga zenyewe kulishindikana na majembe ya trekta yaliisha kwa kusagwa na mchanga. Mfinyanzi ule ulikuwepo siku zote. Kwa maoni yangu, kilichoondolewa ni wale waliokuwa wakiutoboa, mizizi na mchwa, na fedha nyingi za serikali ya Uingereza hazikuweza kununua mbadala wao.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo, Mhariri. Mtakapochapisha tena ushauri wa mchwa, wekeni picha ya bua lililopasuliwa kando ya picha ya kichuguu, na jina la mchwa litangulie jina la dawa.

Msomaji wako,
Dodoma